Fungua Mdomo wa Koleo

Kila asubuhi Sado hupika mikate ya anjera, humimina chai ya maziwa, na kuwapeleka watoto madrasa. Asubuhi ile alifanya hivyo pia. Kisha akafanya jambo ambalo wanawake wa Bulla Geel hawakulizoea. Alivaa buti za zamani za mumewe, akatia koleo la kukatia waya kwenye gunia, akaenda kazini.

Bulla Geel ni kijiji kidogo. Ni mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mji wa Hulugho. Kina msikiti mmoja, nyumba sitini na silanga moja. Silanga ni bwawa la kuchimbwa. Mvua ikinyesha, hujaa. Mvua ikikatika, watu na wanyama wote huitegemea hiyo hiyo.

Silanga ile haikuwa na ua. Ng'ombe waliingia hadi maji yakawafika tumboni. Punda walikojoa humo. Halafu akina mama walichota maji hayo hayo, na watoto wakaharisha. Mwaka jana ndama alizama akaoza humo ndani. Watu walikunywa. Hakuna haja ya kulisema kwa upole.

Mwaka huu kamati ya maji ilipata nguzo na waya wa kuizungushia ua, pamoja na bomba la kupeleka maji kwenye hori la kunyweshea mifugo nje. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Abdilatif, aliita mkutano.

"Nitaita kampuni kutoka huko chini," alisema. "Nairobi, Thika, popote."

"Kwa nini?" aliuliza Mustaf, mume wa Sado.

"Kwa sababu sisi ni watu wa mifugo. Kazi ya waya hatuijui."

"Mimi naijua. Nimefunga ua miaka miwili kwenye ranchi moja huko Laikipia."

"Na mke wako? Naona naye amesimama hapo kama mkandarasi."

"Mimi nitavuta waya," alisema Sado. "Mwenyekiti, navuta ndoo ya maji tangu nikiwa na miaka saba. Waya utanishinda kwa sababu gani?"

Watu wakacheka. Mzee Abdilatif hakucheka.

"Sawa," alisema. "Upande mmoja. Siku nane. Ua ukisimama, pande tatu zilizobaki ni zenu, na matengenezo ya kila mwaka ni yenu pia. Ukianguka, naita kampuni. Na wewe Mustaf, utapanda gari uende Garissa ukabebe mawe kama wenzako."

Mustaf aliujua ukweli wa maneno hayo. Ukame uliopita ulikuwa umemwachia mbuzi tisa. Mbuzi tisa hawalishi watoto wanne. Kama kazi hii ingepotea, familia ingehama.

Sado ndiye aliyejibu. "Garissa hatuendi," alisema. "Tutafunga ua."

*

Mustaf alijua kufunga ua. Lakini vifaa vya Laikipia vilikuwa vya mwenye ranchi. Mustaf alikuwa akipewa koleo asubuhi na kulirudisha jioni. Hakuwahi kununua koleo hata mara moja.

Alikwenda Hulugho, kwenye duka la Alio. Alio huuza misumari, mabati, rangi na kila kitu cha fundi. Mbele ya duka alikuwa ametundika makoleo mapya. Yaling'aa kama sahani za harusi. Mishikio yake ilikuwa ya mpira mwekundu. Mustaf aliyapima mkononi. Yalikuwa mazito.

"Haya ndiyo yenyewe," alisema.

"Hujakosea," alisema Alio. "Kila mtu anachukua hayo."

Mustaf alinunua mawili ya kukatia, na moja kubwa la kushikia na kukatia. Hakuyafungua. Hakuyajaribu. Aliyaweka kwenye gunia, akarudi nyumbani akiwa na furaha.

Siku ya kwanza walisimamisha nguzo, na wanakijiji wakaziba kwa muda pande tatu nyingine kwa matawi ya miiba. Siku ya pili walianza waya. Waya ule haukuwa waya laini wa kufungia mzigo. Ulikuwa waya mgumu wa ua, unaovutwa ukakaza hadi ukiupiga kwa kidole unalia.

Mustaf alikata mara ya kwanza. Koleo lilikata kwa shida. Alikata mara ya pili. Koleo halikukata, liliuma tu. Akalitazama. Kwenye makali kulikuwa na pengo, kama jino lililovunjika.

"Lete lile lingine," alisema.

Lile lingine nalo lilipata pengo kabla ya adhuhuri. Ikabidi Mustaf aukunje waya huku na huku hadi ukatike wenyewe. Ncha zake zilitoka zimechakaa. Mafundo hayakukaza. Alipolibana lile koleo kubwa kwa nguvu zake zote, mpira mwekundu ulichomoka, mkono ukateleza, na chuma kikamchana kiganja.

"Endelea kushika," alimwambia Sado huku damu ikimtoka. "Usiachie."

"Nimeshika."

Mustaf alirudi kubana. Fundo likafunguka. Waya uliokuwa umekaza ukaruka na kumchapa Sado shavuni, upana wa kidole kimoja chini ya jicho.

Sado alikaa chini. Alishika shavu lake. Kisha akasema polepole, "Kidole kimoja tu, Mustaf. Kidole kimoja zaidi, na leo ungekuwa na mke wa jicho moja."

Siku ya tatu asubuhi walikuta mbuzi kumi na wawili ndani ya ua. Waya ulikuwa umelegea kama kamba ya nguo. Mzee Abdilatif alikuwa amesimama hapo na fimbo yake.

"Mashallah," alisema. "Mbuzi wameukagua ua wenu. Wameupitisha."

*

Walipofika nyumbani, Sado alimwaga yale makoleo matatu sakafuni.

"Kosa si letu," alisema. "Kosa ni la vifaa hivi."

"Chuma ni chuma," alisema Mustaf.

"Si kweli. Kama chuma ni chuma, mbona kisu changu cha jikoni kina miaka kumi na bado kinakata?"

"Kile ulinunua wapi?"

"Kwa Maka," alisema.

Hapa lazima jambo moja lielezwe, na lielezwe wazi. Maka ni mwanamke wa makamo anayeishi pembeni mwa Hulugho. Yeye ni wa ukoo wa wahunzi. Baba yake alifua chuma, na babu yake alifua chuma. Mashoka yote ya Bulla Geel yametoka kwenye moto wao. Lakini watu wa Bulla Geel hawaingii nyumbani kwake. Hununua kisu wakiwa wamesimama nje, kisha huondoka. Hawali chakula chake. Hawanywi chai yake. Hawaozi kwake wala hawaoi. Ukiwauliza sababu, hawana. Wanasema ndivyo ilivyokuwa. Wanaswali naye kuelekea Kibla kimoja, wakitoka msikitini hawamwoni.

Huo ni ujinga. Hauna jina lingine.

"Nakwenda kwa Maka," alisema Sado.

"Nyumba ile hatuingii."

"Kwa nini?"

"Baba yangu hakuingia."

"Baba yako pia hakufunga ua," alisema Sado. Akaokota makoleo, akatoka.

*

Maka alikuwa amekaa mbele ya moto wake, akinoa panga. Alimwona Sado amesimama mlangoni.

"Kisu au shoka?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Si kisu wala shoka, eedo. Nimekuja kuuliza."

Maka aliinua kichwa. Eedo ni shangazi. Watu wa Bulla Geel hawakuwa wakimwita shangazi.

"Umeniita nani?"

"Eedo."

"Hebu ingia, basi. Lakini nikikuona umesimama na mguu mmoja nje, sikufundishi."

Sado alivua buti, akaingia, akakaa kwenye mkeka. Maka akamwekea chai ya tangawizi. Akamtazama. Sado akasema bismillahi, akanywa. Akamaliza. Akarudisha kikombe.

"Kingine," alisema. "Ni tamu."

Maka alicheka hadi akakohoa. "Haya! Toa hao wagonjwa wako."

Sado alitoa makoleo. Maka alichukua moja, akalifumba, akaliinua kuelekea dirishani.

"Tazama hapa, makali yanapokutana. Unaona nini?"

"Naona mwanga."

"Makali ya koleo zuri hukutana kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna mwanga katikati. Hapa naona mwanga wa kutosha kusomea Kurani." Akashika mshikio mmoja na kuutikisa mwingine. Koleo lilicheza upande kwa upande. "Hiki ni kiungo. Kiungo kikicheza hivi, makali hayakutani tena, yanapishana. Kiungo kizuri hufunguka kwa urahisi, lakini hakiyumbi."

Mlango ukaingia giza. Mustaf alikuwa amesimama kizingitini, amejifunga kitambaa kiganjani.

"Nimekuja kumchukua mke wangu," alisema.

"Hajapotea," alisema Maka. "Warya, we bwana, ingia au toka. Unanizibia mwanga."

Mustaf alibaki pale pale. Alisogea tu pembeni kidogo.

Maka alichukua tupa, kile chuma chenye meno madogo cha kunolea. Aliisugua kwenye makali ya koleo lililong'aa. Tupa iliingia, na unga wa chuma ukamwagika gotini. Kisha akachukua koleo lake mwenyewe. Lilikuwa jeusi, la zamani, baya la kutazama. Akasugua tupa kwenye makali yake. Tupa iliteleza. Haikuacha hata alama.

"Hiki cha kwenu ni chuma laini," alisema. "Kimepakwa mng'aro. Waya wenu ni mgumu kuliko makali yenu. Kikikutana kigumu na laini, nani anaumia?"

"Laini," alisema Mustaf.

Alikuwa ameingia. Hata yeye hakujua miguu ilimleta saa ngapi. Alikuwa amechuchumaa, ameinamia lile koleo jeusi.

"Lakini lilikuwa zito," alisema. "Nililipima."

Maka alilipiga goti lake kwa kicheko. "Wallahi, nyinyi watu wa mifugo! Ukinunua mbuzi sokoni, unafanya nini?"

"Namshika mgongo. Namfungua mdomo, naangalia meno."

"Na ukinunua koleo?"

Mustaf aligeuza lile koleo lililong'aa.

"Unaangalia rangi!" alisema Maka. "Mbuzi unamfungua mdomo, koleo unaliangalia ngozi. Mbuzi akiwa na ngozi ya kung'aa na hana meno, ungemnunua?"

"Hata bure simtaki."

"Basi fungua mdomo wa koleo."

Alimimina chai nyingine, akaiweka mbele ya Mustaf. Mustaf aliitazama. Hakuigusa. Maka aliona, na Sado aliona. Maka aliendelea kufundisha, kwa sababu kazi ni kazi.

"Sikilizeni. Hata koleo zuri linakufa likipewa kazi isiyo yake. Koleo dogo la kukatia ni la waya laini wa kufungia, au waya wa shaba wa fundi umeme. Ukilitumia kwa waya mgumu, umeliua. Kwa waya mgumu mnataka koleo nene la kukatia, lenye mishikio mirefu, na kiungo kilicho karibu na makali. Hapo nguvu ya mkono inaongezeka. Mengine huandikwa, au huchorwa kwenye pakiti, yanakata waya wa unene gani, laini au mgumu. Sado, unasoma?"

"Nasoma. Nimemaliza darasa la watu wazima."

"Soma basi, usione haya. Na kwa waya mnene zaidi, au mnyororo, hakuna koleo. Kuna mkasi wa chuma, ule mkubwa wa kushika kwa mikono miwili."

"Na mpira huu?" Mustaf aliinua ule mshikio mwekundu uliochomoka. "Alio aliniambia unazuia umeme."

"Usimwamini yeyote kwa maneno ya mdomo. Mpira wa rangi ni wa kushikia tu. Koleo la fundi umeme lina mishikio iliyobana, haichomoki, na limeandikwa volti elfu moja, na alama ya pembetatu mbili zilizopandana. Hata hilo, maandishi yanaweza kughushiwa. Fundi mwenye akili huzima umeme kwanza, halafu ndipo anashika."

Sado alinyoosha mkono wake. Ulikuwa mdogo kuliko wa Mustaf. "Na mimi? Yale ya Mustaf nikiyafungua, vidole haviyafiki."

"Basi si yako. Koleo ni la mkono wa mwenye kulitumia. Likikushinda kufungua na kufumba mkono mmoja, liache. Utachoka, na fundi akichoka anaumia." Akamshika kidevu, akatazama lile jeraha jipya. "Hili limekufundisha?"

"Limenifundisha."

"Waya uliokaza haukatwi. Ulegezeni kwanza kwa kikaza waya. Ukikata, shika pande zote mbili. Mvae miwani. Na waya uwekeni ndani, karibu na kiungo, si kwenye ncha ya koleo. Msilitikise koleo huku na huku mkikata. Msiligeuze nyundo. Jioni lifuteni mchanga, mtie tone la mafuta kwenye kiungo. Mchanga wa hapa kwetu unakula chuma kuliko kutu."

"Utuuzie hili lako," alisema Mustaf.

"Hili siuzi. Rudini kwa Alio. Anayo mazuri. Yako chini ya meza, kwenye boksi, kwa sababu nyinyi hamyataki. Lakini dukani msisugue koleo la mtu kwa tupa. Likiwa laini mtaliharibu kabla ya kulinunua. Bebeni kipande cha waya wenu. Kateni mbele yake. Kisha tazameni makali."

"Tukulipe nini, eedo?" aliuliza Sado.

"Ua ukisimama, njooni mniambie. Lakini mje mchana, kwa mlango wa mbele, watu wakiona."

Walirudi Bulla Geel kwa miguu. Njiani hawakuongea, hadi nyumba za kwanza zilipoonekana. Hapo Sado alisema, "Umechukua elimu yake, ukaiacha chai yake."

Mustaf alitembea mbele haraka.

*

Siku ya nne Mustaf aliuza beberu mmoja. Kisha wote wawili wakaenda kwa Alio. Mbele ya duka wanaume sita walikuwa wamekaa na chai yao.

"Naa, wee Sado," alisema Alio, "koleo limerudi? Sirudishi pesa."

"Sirudishi. Hayo yamekufa na tumeyazika. Nataka mengine. Lakini leo nafungua mdomo."

Alichukua koleo lililong'aa, akalifumba, akaliinua kwenye jua. "Mwanga," alisema, akaliweka chini. La pili akalitikisa. "Linayumba." La tatu lilikuwa sawa. Akatoa kipande cha waya mgumu mfukoni.

"Subiri!" alisema Alio. "Hili ni duka, si mnada wa mbuzi!"

"Mbuzi akiwa mbovu nitamla," alisema Sado. "Koleo bovu nitalipika?"

Wanaume wakacheka. "Alio, mwache atazame meno!" mmoja alisema. "Au unaogopa?"

"Siogopi. Akate! Likivunjika, atanunua."

"Likivunjika kwa waya mmoja, umeniuzia sahani," alisema Sado. "Nitawaita hawa sita kuwa mashahidi."

Alio aliangalia wale sita. Aliangalia koleo. Jasho lilimtoka kidogo puani. Akalichukua koleo kutoka mkononi mwa Sado, akalirudisha ukutani.

"Nani amekufundisha maneno haya?"

"Maka."

Kicheko kilikatika. "Yule wa wahunzi?" aliuliza mtu mmoja aliyekuwa na shoka kando ya kiti chake.

"Ndiyo," alisema Sado. "Yule aliyefua hilo shoka lako. Unalishika kila siku. Mbona halijakudhuru?"

Yule mtu alitazama shoka lake.

Alio aliinama chini ya meza. Akatoka na boksi lenye vumbi. Ndani mlikuwa na makoleo meusi, yasiyong'aa, mishikio imebana. "Haya hakuna anayeyataka," alisema. "Ni mabaya, na bei yake ni mara tatu."

"Lete."

Sado alisoma pakiti, herufi baada ya herufi, huku kidole kikifuata mstari. Kulikuwa na mchoro wa waya mgumu. Aliliinua kwenye jua. Hakuna mwanga. Alilitikisa. Halikuyumba. Akaingiza waya ndani, karibu na kiungo, akabana. Waya ulikatika kwa sauti moja fupi. Akamwonyesha Mustaf makali. Mustaf alipitisha jicho juu yake polepole, kama anavyokagua meno ya mbuzi wa bei kali.

"Hakuna alama," alisema.

Kisha Sado akatoa uzi mwembamba wa shaba, akaukata kwa ncha kabisa ya makali, kuona kama yanakutana hadi mwisho. Ulikatika safi, haukukunjwa.

Walinunua mawili: moja nene la mkono wa Mustaf, na moja la mkono wa Sado. Walinunua pia miwani miwili. Alio alifunga vitu kwenye gazeti, akasema kwa sauti ya chini, "Nikiagiza tena, nitaagiza haya."

"Na hayo ya ukutani?" aliuliza Sado.

"Watu wanayapenda."

"Watu hawajafundishwa. Sasa sita wamefundishwa."

*

Walibakiwa na siku nne. Walifanya kazi siku tatu, tangu alfajiri hadi jua likawa kali, kisha tena tangu alasiri. Waya ulikatika ulipotakiwa kukatika. Ncha zilitoka safi, na mafundo yakakaza. Walilegeza kabla ya kukata. Walivaa miwani, na watoto wa kijiji wakawaita marubani. Kila jioni Sado alifuta mchanga na kutia tone la mafuta.

Alasiri ya siku ya saba, jua likiwa bado juu, waya wa mwisho ulikaza. Mustaf aliupiga kwa kidole, ukalia. Kisha akanawa mikono, akavaa shati safi, akashika njia ya Hulugho peke yake. Hakusema anakwenda wapi. Sado hakuuliza.

Siku ya nane ngamia walikuja. Walikuwa themanini, wametoka mbali, wana kiu ya siku tisa. Walinusa maji, wakakimbia. Wa mbele walifika kwenye ua, na wa nyuma wakawasukuma. Nguzo zilitoa sauti. Waya uliingia ndani kwa kiasi cha kiganja.

Watu wote wa Bulla Geel walikuwa wamesimama wakitazama. Sado alikuwa amemshika Mustaf mkono bila kujua.

Waya ulirudi mahali pake. Ngamia walirudi nyuma, wakageuka, wakalifuata bomba hadi kwenye hori la nje, wakanywa huko. Ndani ya ua maji yalitulia. Hakuna hata mguu mmoja ulioingia.

Mzee Abdilatif alizunguka upande ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Alivuta waya kwa mikono miwili. Alikagua mafundo. Mwishowe akasema, "Pande tatu ni zenu. Katibu, lete karatasi. Andika mafundi wa ua: Mustaf na mkewe Sado."

"Andika na Maka," alisema Sado. "Bila yeye ua huu ungekuwa njia ya mbuzi. Yeye ndiye atakayekagua vifaa vya pande zote tatu."

Mzee Abdilatif alishusha sauti. "Sado, usituharibie siku. Mpeni zawadi, mpeni mbuzi. Jina lake halikai kwenye karatasi ya kamati."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Sijui. Mbele ya watu hawa wote, niambie."

Mzee alichora mchanga kwa fimbo yake. Watu walitazama chini.

Mustaf alisogea mbele. "Mwenyekiti," alisema, "kama jina lake halimo, toa na langu. Chukua ua wako. Ita kampuni ya huko chini. Mimi na mke wangu tutapanda gari leo, tukabebe mawe Garissa. Lakini ngamia wakija tena wakiwa na kiu, usituite."

"Unajua unalolisema?"

"Nalijua."

Ngamia walikuwa bado wanakunywa. Mwanamke mmoja kati ya watu alisema kwa sauti, "Mzee, andika. Mwanangu amenywa maji ya ndama aliyeoza. Mimi sijali nani ni wa ukoo gani."

"Andika," alisema mwingine. Na mwingine.

Mzee Abdilatif alimtazama Mustaf kwa muda mrefu. Kisha akampa katibu ishara. Katibu akashika kalamu.

"Maka nani?" aliuliza katibu. "Baba yake anaitwa nani?"

Miaka arobaini watu wale walikuwa wamechonga kwa mashoka ya Maka na kuchinja kwa visu vya Maka. Hakuna hata mmoja aliyejua jina la baba yake. Hawakuwahi kuuliza. Mzee Abdilatif aligeuka, akatazama uso baada ya uso. Wote waliinamisha vichwa, na mwisho na yeye akainamisha chake.

"Maka Shueb Dubow," alisema Mustaf. "Nilimwuliza jana, nikinywa chai yake."

Sado aligeuka akamtazama mumewe.

"Vikombe vingapi?" aliuliza.

"Viwili."

Sado alinyoosha mkono, akaichukua kalamu kutoka kwa katibu. Akaweka karatasi juu ya nguzo ya ua. Chini ya jina la Mustaf, na chini ya jina lake mwenyewe, aliandika herufi baada ya herufi, kubwa, ili hata aliyesimama mbali asome: MAKA SHUEB DUBOW, FUNDI.